Nani Aliona?

Sitaandika jina la mtu katika daftari hili. Wanaonijua watacheka, maana majina ndiyo kazi yangu. Shule nilisoma miaka mitatu kwa masista, wa nne baba akasema inatosha, niende kuuza samaki na mama. Lakini nipe mtu yeyote aliyezaliwa hapa Lubunga, ng'ambo hii ya mto ambako reli ya Ubundu inaanzia, nitakuambia baba yake, na baba ya baba yake, na mama aliyemnyonyesha wakati mama yake alikuwa mgonjwa. Ninayo yote. Siyaandiki hapa kwa sababu nikianza na moja sitaweza kuruka lile moja, na lile bado ni zito mkononi.

Kwetu, siku ya kumaliza matanga, asubuhi, kabla watu hawajala, kuna mtu anayeita. Anasimama mbele ya nyumba ya msiba na kuita wafu wa ukoo mmoja mmoja, kuanzia yule wa zamani kabisa mpaka huyu tuliyemzika juzi. Baada ya kila jina watu wanajibu, "Tumesikia." Basi. Hakuna ngoma wala hotuba. Kazi hiyo niliipata kwa shangazi yangu nikiwa bado na meno yote.

Kazi ina sheria chache. Ya kwanza, mtu ambaye hakuonekana amekufa haitwi. Hata kama miaka imepita, hata kama kila mtu anajua moyoni. Mwitaji anauliza, "Nani aliona?" Kama hakuna aliyeona, anampita. Ya pili, mabishano hayafanyiki mbele. Ukisikia mwitaji amekosea hupigi kelele. Unamgusa bega, mnaenda nyuma ya nyumba, kule kwenye masufuria, mnasemezana huko hata saa nzima, na watu mbele wanangoja. Mkirudi mnarudi na neno moja. Na kila mtu ana haki ya kumgusa mwitaji bega: mkwe, mgeni, hata aliyekunywa. Ya tatu ni hii: mwitaji akijua kifo akakificha, kifo hicho kitaitwa na mtu mwingine. Hiyo shangazi alinifundisha haraka haraka, kama kitu kisichoweza kutufikia sisi.

Binti yangu alikuwa wa tatu kuzaliwa na wa kwanza kuishi. Alikuwa akipanda treni kwenda Ubundu na sabuni na chumvi, akirudi na samaki wa moshi, na kicheko chake ulikisikia kabla hujaiona mizigo. Safari ile ya mwisho treni haikutembea tena, nchi ilikuwa imeharibika. Aliondoka na baiskeli ya kukodi, pamoja na wanawake wengine wanne, wakifuata reli. Aliniachia mtoto wake, msichana wa miaka miwili.

Mtoto hakuwa na viatu. Asubuhi ile tulimsimamisha juu ya benchi. Mimi nilimshika mguu asiruke, mama yake akaupima kwa uzi wa wavu, akafunga fundo moja kwenye kisigino na fundo lingine kwenye kidole gumba. Alisema Ubundu iko mama mmoja anauza viatu vya watoto, vyekundu, vya kufunga na kifungo. Uzi ule akauzungusha mkononi kama bangili ili usipotee.

"Jumamosi niko hapa," akasema.

Wanawake wawili walirudi baada ya miezi mingi, wamekonda, bila mizigo. Walisema walitawanyika porini waliposikia risasi. Binti yangu alikuwa nyuma yao, halafu hakuwa nyuma yao. Niliwauliza swali la kazi yangu. Hakuna aliyeona.

Kwa hiyo sikumwita. Miaka yote hii, kila matanga ya ukoo wetu, nilifika mahali pake, kati ya mdogo wa mume wangu na mtoto wa dada yangu, nikapita. Watu walisikia nikipita. Hakuna aliyenigusa bega. Na mtoto aliponiuliza nilimpa jibu moja tu: mama yako iko ku safari. Alipokuwa mdogo alikuwa akiketi kwenye njia ya kituo siku za Jumamosi. Alipofika miaka kumi na miwili hivi aliacha kuuliza, na kule kuacha kuliniuma kuliko kuuliza.

Huyo mjukuu nilimlea kwa pondu, majani ya muhogo, na kwa utani. Ananiita mbanda, yaani mke mwenza, kwa sababu anadai marehemu mume wangu alimpenda yeye kwanza na mimi nilikuwa mpishi tu. "Mbanda, chakula ya bwana yetu imeungua." Mimi namwambia bwana alimwogopa kwa sababu alikuwa akimkojolea mapajani. Nyumba yetu iliishi kwa maneno hayo.

Alikua, akaingia chuo kikuu ng'ambo ya pili, akasomea mambo ya kompyuta, kila asubuhi akivuka mto kwa pirogi na viatu mkononi. Siku moja alirudi na habari ya vijana wawili wa chuo waliotaka kuoana. Siku ya kupokea mahari ndipo mzee mmoja, aliyekuwa mgeni tu pale, akagundua kwamba bibi zao walikuwa ndugu wa tumbo moja. Pombe ilikuwa imekwisha kumiminwa. Wazee wa kulisema mapema walikuwa wamekufa wote.

"Koko, wewe ukifa sisi tutaoana na wajomba," mjukuu akasema. Akiniita koko, yaani bibi, ujue hatanii.

Ndivyo ilivyoanza. Alitaka tovuti, mahali pa internet ambapo koo zote, vijiji na vituo vyote kutoka hapa mpaka Ubundu vitaandikwa, na kila mtu mwenye simu aweze kuongeza anachojua au kurekebisha kilichokosewa. Walikuwa wawili, yeye na rafiki yake wa kike kutoka Bukavu, binti mwenye maneno machache na mikono isiyotulia. Wakamwongeza jirani yetu, mwalimu mstaafu, kwa ajili ya Kifaransa chake na kwa sababu angejiongeza mwenyewe. Na mimi kwa ajili ya majina.

Nilidhani kazi ngumu itakuwa majina. Kumbe walikaa miezi miwili wakibishana juu ya chungu cha kuyapikia. Kitu kama hicho kinaitwa wiki, wakanieleza, na programu za kutengeneza wiki ni nyingi kama aina za sufuria sokoni, kila moja na sifa yake. Wakachagua tatu za kujaribu. Wakaziweka zote katika kompyuta moja ya zamani, hapa barazani, na umeme ulipokuja tuliwahi. Katika kila moja waliandika ukoo uleule, wa marehemu mume wangu, ili tuone sufuria ipi inaunguza.

Ya kwanza ilikuwa ile kubwa, ndugu ya zile zinazobeba kamusi elezo za dunia nzima. Ya pili ilikuwa nyepesi, kila ukurasa ni faili moja tu, unaweza kuzinakili zote katika kijiti cha kuchomeka na kuondoka nazo mfukoni. Binti wa Bukavu aliipenda hiyo. Alisema ile kubwa itatutesa, inataka mashine yenye nguvu na mtu wa kuiangalia kila mara, na kwa simu ndogo za watu wa reli kurasa zitafunguka polepole. Alisema kweli. Ya tatu ilikuwa nzuri kwa macho, imepangwa kama kabati, na rafu, na vitabu, na sura. Mwalimu aliitazama hiyo kama mtu anayetazama suti dirishani. Kilichomfurahisha zaidi ni kwamba mlango wake unafungwa vizuri: unachagua nani aandike nini, na wengine wanasoma tu.

"Bon," mwalimu akasema. "Ile kubwa, mutu yote anaweza kuandika? Hata mulevi?"

"Hata mulevi," mjukuu akajibu.

"Alors ni soko, si kitabu."

Nikamwambia kwa matanga mulevi pia anasema, na mara nyingine yeye ndiye anayekumbuka, sababu sisi wengine tuna haya. Mwalimu akaniambia mimi ninachagua kompyuta kama ninavyochagua samaki, kwa kuinusa. Nikasema ndiyo, na katika maisha yangu sijanunua samaki aliyeoza, yeye ameoa mara tatu. Binti wa Bukavu alicheka mpaka akaficha uso.

Halafu nikauliza maswali yangu. Hawakuyatarajia, maana hayakuwamo katika karatasi yao. Nikauliza: mtu akiandika kitu, ninamuulizaje nani aliona? Mjukuu akanionyesha jinsi ile kubwa inavyoweka namba ndogo mwisho wa neno, na chini ya ukurasa namba hiyo inarudi na shahidi wake. Nikauliza: mtu akifuta kwa ubaya? Akanionyesha historia. Kila ukurasa una historia yake, kila badiliko limekaa pale, la nani na la saa ngapi. Hata ukitengua, kile ulichotengua kinabaki kimeandikwa, na jina lako wewe uliyetengua pia.

"Hapa hakuna kitu inapotea, koko. Na hakuna mutu anajificha."

Nilipiga makofi. Nilipiga makofi kweli.

Swali la mwisho lilikuwa lile la mabishano. Nikawaambia kwetu hatugombani mbele ya watu. Iko wapi nyuma ya nyumba? Wakazifungua moja moja kutafuta. Ile nyepesi haikuwa na mahali hapo. Palikuwa na kipande cha kubandika kilichotengenezwa na mtu mwingine, lakini mtu huyo akichoka kukitunza kitabanduka. Ile ya kabati ilikuwa na mahali pa maoni chini ya ukurasa, mbele ya kila anayesoma, kama watu wanaogombana juu ya jeneza. Ile kubwa, juu ya kila ukurasa ina neno Majadiliano. Ukibonyeza unatoka kwenye ukurasa na kuingia upande wake wa pili, mnasemezana huko mpaka mpatane, na mbele panabaki neno moja.

"Hiyo," nikasema. "Iko na nyuma ya nyumba."

Binti wa Bukavu akakubali, akisema kwamba programu inaweza kubanwa ili iwe nyepesi kidogo, lakini desturi ya watu huwezi kuibana. Mwalimu alikuwa wa mwisho kunyoosha mkono.

"Sawa, mama. Lakini siku moja utalia kwa sababu ya ule mulango wazi."

Alisema kwa utani. Sote tulicheka.

Tukaandika mwaka mzima. Mimi nilisema, wao walipiga vidole. Mjukuu akaandika sheria zetu katika ukurasa wa kwanza, kama nilivyozisema: uliza nani aliona, usigombane mbele, nenda nyuma ya nyumba. Tulipofika kwenye ukoo wangu nikamwambia aandike ukurasa wa mama yake. Nilimwambia maneno. Alizaliwa Lubunga, wa tatu. Aliuza sabuni na chumvi. Alitoka kwenda Ubundu. Iko safarini.

Vidole vyake vikasimama.

"Koko, hatuwezi kuandika alikufa?"

"Nani aliona?"

Akaandika nilivyosema, akahifadhi, akaenda kuosha sahani ambazo zilikuwa zimekwisha kuoshwa.

Walinipa simu na kunifungulia akaunti kwa jina langu. Mjukuu alinifundisha maneno: Soma, Hariri, Majadiliano, Historia, Tengua. La mwisho ndilo nililolijua upesi, maana kuna wahuni walikuwa wakiandika matusi katika ukurasa wa chifu wa mtaa, na mimi kila asubuhi niliyatengua kama mtu anayefagia mavi ya kuku. Watu wa reli walianza kuingia. Kilomita kwa kilomita walituletea wafu wao na mashahidi wao. Nilijiona nina lupango kubwa, ua mmoja kutoka hapa mpaka Ubundu, na watu wote wameketi ndani yake.

Na kila asubuhi, kabla sijawasha mbabula ya makaa, nilifungua ukurasa wa binti yangu na kumsoma. Ilikuwa kama kumwamkia.

Asubuhi moja mstari wa mwisho ulikuwa umebadilika. Ulisema alikufa kwa homa katika kituo fulani kidogo cha reli, akazikwa palepale, na namba ndogo ya shahidi ilikuwapo, imewekwa vizuri. Aliyeandika alikuwa mwanamke. Kama ningekuwa mtu mwingine ningeweza kusema huyu ni nani, mpuuzi wa simu. Lakini mimi najua majina. Nilijua baba yake, mlinzi wa kituo kile, mtu ambaye aliwahi kurudisha kuku aliyeingia nyumbani kwake mwenyewe. Nilijua mama yake na mama ya mama yake. Katika ukoo ule hawasemi uongo, hata uongo mdogo wa adabu hawauwezi.

Nikabonyeza Tengua.

Maji yalichemka, nikapika chai, mjukuu akanywa, akavuka mto. Kesho yake mstari ulikuwa umerudi. Nikatengua tena. Siku ya tatu ukarudi, nikatengua, na siku ya nne haukurudi. Nilifurahi. Nasema nilivyohisi: nilifurahi kama mtu aliyekimbiza mwizi. Halafu nikaona kwamba lile neno Majadiliano, ambalo juu ya ukurasa ule lilikuwa jekundu kwa sababu hakuna aliyewahi kusema kitu huko, sasa lilikuwa bluu.

Nilisoma polepole, kidole chini ya kila neno. Jua lilitoka kizingitini likafika ukutani kabla sijamaliza.

"Mama, jambo. Naona munafuta. Sikasiriki. Nimekuja nyuma ya nyumba, kama mulivyoandika kwa sheria zenu. Wakati ule nilikuwa na miaka kumi na tano. Binti yenu alifika kwetu na homa, alikuwa peke yake. Alilala siku mbili kwa nyumba ya mama yangu. Tulimuzika sisi wawili na mama, pembeni ya shamba ya muhogo, sababu wanaume walikuwa ndani ya pori. Alikuwa na kauzi mukononi, iko na fundo mbili. Alisema ni muguu ya mutoto wake. Mama alisema tusiitoe, tukamuzika nayo. Kama hiyo kauzi hamuijue, basi ni mutu mwingine, na munisamehe."

Uzi ule hakuna mtu aliyeujua. Sikumwambia hata mume wangu. Tulikuwa wanawake wawili na mtoto juu ya benchi.

Nilizima simu. Nikatwanga pondu. Mjukuu alirudi jioni ile akala, akasema mbanda leo umepika kama mtu anayetaka kumrudisha bwana. Nikacheka. Niliweza kucheka.

Nilijiambia nangoja amalize mitihani. Akaimaliza. Nikajiambia nangoja majibu. Majibu yakatoka, alifaulu, tukala lituma ya ndizi na samaki, nikajiambia siku ya furaha haiharibiwi. Kila asubuhi nilifungua ukurasa na kumkuta binti yangu bado iko safarini, na nyuma ya nyumba yule mwanamke bado amesimama akingoja jibu. Hakuandika tena. Alingoja kwa adabu, majuma matatu. Sijawahi katika kazi yangu kumwacha mtu amesimama kwenye masufuria namna ile.

Aliyegundua ni binti wa Bukavu. Kuna ukurasa wa Mabadiliko ya karibuni, ambao yeye aliupitia kila mwisho wa mwezi kutafuta wahuni, akakuta ukurasa mmoja umeandikwa na kutenguliwa mara tatu. Hakuutazama zaidi, akamwambia mjukuu kuna mtu anachezea ukurasa wa mama yako. Mjukuu alikuja nayo barazani amekasirika, anasema huyu mjinga tutamfungia akaunti leo. Mimi nilikuwa nachambua majani. Alifungua Historia. Niliona kidole chake kikishuka, kikasimama.

"Koko. Hii ni wewe."

Niliendelea kuchambua.

Akafungua Majadiliano. Alisoma, halafu akasoma tena. Kuku walikuja wakala majani yaliyoanguka miguuni pangu na hakuna aliyewafukuza.

"Ile kauzi," akasema. "Iko kweli?"

"Iko kweli."

"Fundo mbili?"

"Mimi ndiye nilikushika mguu."

Aliutazama mguu wake, ule wa kulia. Sijui alijuaje kuwa ni wa kulia. Nikataka kumgusa, akasogea kidogo tu, kama mtu anayempa mwingine nafasi ya kukaa.

"Majuma tatu, koko. Ulikuwa unanipikia."

Nikamwambia nilitaka mama yake akae kidogo tena njiani. Hilo ndilo neno nililolipata. Hakupaza sauti. Alisema mimi nilikuwa na mama yake njiani asubuhi zote, kwa simu, na yeye mwenyewe, utotoni, alikuwa akiketi kwenye njia ya kituo siku za Jumamosi. Sikujua kwamba alikumbuka.

Nilidhani ataurudisha mstari ule mwenyewe, ana uwezo wote, ndiye mwenye funguo za tovuti. Aliiweka simu mapajani pangu, juu ya majani.

"Mimi siandike. Wewe ulifuta, wewe utarudisha."

Kidole changu kimoja kilichukua muda. Nilifuta "Iko safarini." Niliandika alikufa, na wapi, na mikononi mwa nani. Nikaweka namba ya shahidi. Nikabonyeza Hifadhi, kisha nikaenda nyuma ya ukurasa na kumwandikia yule mwanamke: mama, kauzi tunaijua. Mjukuu alisimama pale mpaka nikamaliza, halafu akaingia ndani akafunga mlango, naye hakuwahi kufunga mlango katika nyumba ile.

Matanga tuliyafanya mwezi uliofuata, bila mwili, kama watu wanavyofanya. Mwanamke wa reli alikuja, kwa pikipiki na kwa pirogi, na gunia la muhogo wa shamba lile. Mjukuu alimpokea yeye mwenyewe, akatandika mkeka wao wawili upande wa mlango. Mimi nilikaa na wanawake wa mtaa. Hakuna aliyenitukana. Sheria ya tatu kila mtu aliijua, na asubuhi ya kuita hakuna aliyengoja nisimame.

Mwalimu ndiye aliyechaguliwa. Kabla ya kuanza aliniita nyuma ya nyumba, karibu na masufuria, na karatasi na kalamu, ili nimpe majina kwa mpangilio wake. Nilimpa. Mengine alikuwa akiyajua, aliyaandika yote. Tulipofika kati ya mdogo wa mume wangu na mtoto wa dada yangu, alingoja bila kuinua macho. Nikalisema, kwa sauti ndogo, na yeye akaliandika.

"Nikikosa, mama?"

"Nitakugusa bega."

Mtu huyu amenitania miaka arobaini. Alikunja karatasi mara nne, akainama kidogo, akaenda mbele.

Anaita vizuri. Sauti yake ni ya darasani, lakini haharakishi. Nilisikiliza kila jina na kuomba akosee. Akosee moja tu, la mjomba wa mbali, nisimame nimguse bega, twende nyuma tukae huko saa nzima, na watu mbele wangoje. Hakukosea. Alifika pale ambapo mimi nilikuwa nikipita, na hakupita.

"Tumesikia," watu wakajibu. Na mimi nikajibu pamoja nao.

Tulipomaliza kula, mjukuu alikaa na simu akikamilisha ukurasa. Kila mstari ulihitaji namba yake. Kifo, aliona mwanamke wa reli. Kaburi, aliona mwanamke wa reli. Uzi, tulioona ni wawili, akaandika wote wawili. Halafu aliinuka, akavuka ua, akasimama mbele yangu na simu mkononi. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile. Hakuniita mbanda. Tangu alasiri ile barazani hajaniita hivyo.

"Kuzaliwa kwake," akauliza, kama anavyomuuliza mtu yeyote. "Nani aliona?"

"Mimi," nikasema.

Akaandika.